Laxton, kijiji ambacho mashamba yake hayakuunganishwa

Mkenya akihamia Newark, mji mdogo wa soko mkoani Nottinghamshire, kwanza ataonyeshwa magofu ya ngome kando ya mto Trent, ambamo Mfalme John alifariki mwaka 1216. Sawa, yanapendeza. Lakini ndugu zangu wakija kunitembelea kutoka Nyeri, nawapeleka Laxton, upande wa Ollerton, safari isiyofika nusu saa kwa gari. Kiserikali Laxton na kitongoji cha Moorhouse ni parishi moja, na parishi huku ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala. Usitarajie supamaketi. Kuna kanisa, baa, nyumba za matofali mekundu, na mashamba. Mashamba ndiyo habari yenyewe.

Mashambani Uingereza, mara nyingi utaona nyumba ya mkulima imesimama peke yake katikati ya ardhi yake, na ardhi hiyo imegawanywa kwa nyua za miti ya miiba, kila kiwanja na lango lake. Laxton haiko hivyo. Nyumba za wakulima zimejipanga kijijini kando ya barabara, nyingine zimeipa barabara ubavu, yadi na maghala yakiwa nyuma. Ardhi yao iko nje ya kijiji, katika mashamba matatu makubwa yasiyo na ua hata mmoja: South Field, Mill Field na West Field. Mgeni huona ngano iliyotandaa hadi upeo wa macho na kudhani ni ya tajiri mmoja. Kumbe ndani yake mna wakulima kadhaa, kila mmoja na vipande vyake virefu vilivyotawanyika, kimoja hapa, kingine kule ng'ambo. Hakuna seng'enge kati ya kipande cha fulani na cha jirani yake. Mfereji uliochimbwa na plau unatosha.

Mashamba hayo matatu hupokezana zamu. Moja hupandwa ngano ya majira ya baridi, la pili hupandwa mbegu za majira ya kuchipua, kama shayiri au maharagwe, na la tatu hupumzishwa au kuachwa na nyasi. Mwaka unaofuata zamu zinahama. Mwenye kipande ndani ya shamba la ngano hulima ngano, apende asipende. Zamani ilikuwa lazima, maana baada ya mavuno mifugo ya kijiji kizima iliingizwa humo kula mabua, na ambaye mazao yake yalikuwa bado yamesimama angelia. Kutawanya vipande nako kulikuwa na maana. Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito, mahali pengine maji hutuama, mahali pengine hupita haraka, na mgao huo ulihakikisha kila mtu anaonja uzuri na ubaya wa ardhi.

Kwa karne nyingi sehemu kubwa ya katikati ya Uingereza ililimwa namna hii. Kisha Bunge likaanza kupitisha sheria za kuzungushia ardhi ua. Kati ya 1604 na 1914 zilipitishwa zaidi ya 5,000, na ziligusa ekari zipatazo milioni 6.8. Vipande vilikusanywa, malisho ya pamoja yakagawanywa, kila mwenye ardhi akapewa sehemu moja ya kuzungushia ua. Wakubwa walinufaika. Maskini ambaye tegemeo lake lilikuwa haki ya kulisha ng'ombe mmoja na kuokota kuni kwenye ardhi ya wote, aliamka siku moja akaikuta ina lango.

Laxton iliponaje? Ningependa kusema wanakijiji walisimama kidete, lakini sivyo. Ardhi ilikuwa ya mabwana wawili wakubwa, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, na hao walishindwa kupatana. Isitoshe, kazi yenyewe ilikuwa ghali. Kwetu husemwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Laxton nyasi zilipona. Hata hivyo mashamba hayakubaki kama yalivyokuwa: baadhi ya ardhi ilizungushiwa ua, na mwanzoni mwa karne ya 20 Earl Manvers aliunganisha vipande vidogo vikawa vichache na vikubwa zaidi. Leo ardhi ya wazi iliyobaki ni ekari 480 hivi.

Tunajua yalivyokuwa kwa sababu ya ramani ya mwaka 1635. Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyekuwa amenunua ardhi hiyo, alimtuma mpimaji Mark Pierce aipime yote, naye akachora kila kipande na jina la anayekilima. Hakuishia hapo, akachora na watu: wanaolima, wanaovuna, wanaowinda. Ramani hiyo sasa imo kwenye maktaba ya Bodleian huko Oxford. Kwa mtu aliyekulia kwenye familia yenye kesi ya mpaka tangu kabla hajazaliwa, ramani ya namna hiyo inatia wivu.

Na kesi za mipaka hapa zina mahakama yake. Inaitwa Court Leet, na ni masalia ya mahakama za mabwana wa enzi za kati. Mwaka 1977 Bunge liliziondolea mahakama za aina hiyo nguvu za kisheria kote nchini, isipokuwa hii ya Laxton, iliyotajwa kwa jina katika sheria. Jifikirie wewe ni mbunge jijini London, umeletewa muswada, na ndani yake umo msitari mzima wa kulinda baraza la wakulima wachache wanaokutana kwenye baa.

Maana ndipo wanapokutana hasa, katika baa ya Dovecote Inn, ambayo kando yake kuna chumba kidogo cha maonyesho kwa wageni. Mwisho wa Novemba jury, yaani jopo la wanakijiji 12, hutoka kukagua shamba lililopandwa ngano. Wanapanda trela linalovutwa na trekta, wanashuka, wanatembea kwenye tope wakitazama nani ameiba inchi. Je, plau imekula barabara? Mtaro umezibuliwa? Penye shaka wanapiga kigingi cha mti ardhini kuonyesha mpaka. Wiki moja baadaye mahakama inakaa, majina yanaitwa, asiyefika bila kutuma udhuru anatozwa senti chache, na walioingilia ardhi ya wote wanatozwa faini. Faini zenyewe ni ndogo, za kucheka. Aibu ndiyo kubwa, kwa sababu jury ya mwaka huu ni jirani zako, na mwakani huenda wewe ukawa ndani yake ukimkagua aliyekukagua.

Mzee mmoja pale baa alinieleza kwamba ugomvi wa kweli haufiki mahakamani, unamalizwa shambani kabla kigingi hakijaingia ardhini. Nilimwambia kwetu mambo kama hayo tulikuwa tunayapeleka kwa wazee wa ukoo, na siku hizi tunayapeleka kortini hadi wanasheria wanajenga maghorofa. Alicheka, akaagiza bia nyingine.

Kati ya vipande kuna mabonde membamba yasiyolimwa, huitwa sykes. Ni nyasi tupu, na majira ya joto hujaa maua ya porini, ndiyo maana wataalamu wa mazingira wanayalinda. Haki ya kukata nyasi zake hupigwa mnada kila mwaka miongoni mwa watu wa pale pale. Kuna pia zizi la kale la kufungia mifugo iliyokamatwa ikizurura, na mtu aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa na cheo rasmi. Mkenya yeyote aliyewahi kulipa faini ili ng'ombe wake waachiliwe hahitaji maelezo.

Kanisa ni la Malaika Mikaeli. Lilikuwa kubwa zaidi, likafupishwa lilipokarabatiwa karibu mwaka 1860. Ingia utazame sanamu za ukoo wa de Everingham zilizolala chali. Moja imechongwa kwa mti wa mwaloni, ya mke wa Adam de Everingham, na ndiyo sanamu pekee ya mbao ya enzi za kati iliyobaki katika mkoa wote. Wanaume wamechongwa kwa jiwe. Nilivyoona mimi, wa mbao amehifadhika vizuri kuliko wao.

Kaskazini ya kanisa, ukipita malishoni, kuna kilima kirefu cha kuchongwa na mikono ya watu. Hiyo ni ngome ya Wanormani, ya karne ya 12, ingawa hakuna jiwe lililobaki, ni udongo na mahandaki tu. Waliokaa humo walikuwa walinzi wa kurithi wa msitu wa Sherwood, yaani askari wa wanyamapori wa mfalme, kwanza ukoo wa de Caux kisha hao de Everingham. Mwanakijiji aliyeua paa wa mfalme ili watoto wale alijibu kwao. Moorhouse kuna kanisa dogo la miaka ya 1860, ukiwa na haraka liruke.

Usiruke kituo kilicho nje kidogo ya kijiji. Mwaka 1995 ndugu wawili Wakristo, Stephen na James Smith, pamoja na wazazi wao, walifungua hapo jumba la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, lenye bustani ya waridi. Ndilo sasa kituo cha kitaifa. Kutoka hapo hapo, kwenye barabara ya shamba, ndugu hao walianzisha shirika la Aegis Trust, ambalo kwa ushirikiano na jiji la Kigali lilijenga Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari pale Gisozi, uliofunguliwa mwaka 2004 na ambamo wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Nilikuwa nimefika Gisozi miaka mingi kabla ya kuja Uingereza. Kwamba mpango ule ulipita kwenye parishi hii ya watu wachache na ngano nyingi, sikulijua hadi nilipokuwa jirani yake.

Sasa nije kwa jambo linalonifanya nirudi Laxton. Mwaka 1952 Earl Manvers aliuza kijiji kwa Wizara ya Kilimo ya Uingereza, na wizara ikakichukua ili mfumo wa vipande uhifadhiwe. Mwaka huo huo, tarehe 20 Oktoba, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Miaka miwili baadaye ofisa wa kilimo Roger Swynnerton akatoa mpango wake: vipande vilivyotawanyika vya Waafrika vikusanywe, kila familia ipewe shamba moja lenye mipaka na hati. Vipande, walisema wataalamu, ni kilimo cha kurudi nyuma, mkulima anapoteza muda akitembea.

Si ofisi moja iliyoamua mambo hayo mawili, najua. Kenya ilikuwa chini ya wizara ya makoloni. Lakini serikali ilikuwa moja, na fedha zilitoka kapu lile lile.

Shosho yangu huko Nyeri alikuwa na vipande vya upande wa mume wake: bondeni ndizi na nduma, mteremkoni mahindi na maharagwe, na kingine mbali juu kwenye baridi. Hakuwa na habari za Laxton, lakini hesabu yake ilikuwa ile ile: bonde likifurika, mteremko unakulisha. Mwaka 1954 walihamishwa, kama watu wengine zaidi ya milioni moja, wakaingizwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Kamati zikaja kupima vipande, zikajumlisha, zikakata sehemu ya shule na barabara, zikampa kila mtu pahali pamoja. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Asiyekuwepo hakuwa na wa kumsemea wakati vigingi vinapigwa, na aliyekuwa upande wa serikali alijua bonde zuri liko wapi. Kesi nyingi za ardhi tulizo nazo sisi wa Mlima Kenya mizizi yake iko hapo.

Shosho mwenyewe hangekubali nimalizie hapo. Mpango ule ule ulifungua mlango wa kahawa, ambayo awali Mwafrika alizuiwa kuipanda, na kahawa ndiyo iliyolipa karo ya baba yangu. Alizungushia shamba lake ua wa kaiyaba na aliupenda ua ule. Ukimwambia habari za ardhi ya pamoja angekuuliza unataka kumgawia nani. Nami sidai kwamba Laxton ni pepo. Wakulima wake ni wapangaji, na sauti ya mwisho ni ya mwenye ardhi. Ninachouliza ni kwa nini jambo moja, katika miaka ile ile, liliitwa urithi wa taifa huku na ujinga kule.

Kutoka kwa wizara, kijiji kilihamia kwa Crown Estate, shirika linalosimamia mali za taji la Uingereza, mwaka 1981, na mwaka 2020 kikauzwa kwa Thoresby Estate, mali iliyotokana na ukoo ule ule wa Manvers. Safari nzima ya miaka karibu 70 imeirudisha ardhi karibu na mlango ilipotokea. Shamba la shosho nalo, lililounganishwa kwa nguvu likawa moja, limegawiwa wana, wana wakagawia wajukuu, na sasa ni vipande vya robo ekari na ploti za futi 50 kwa 100. Vyangu mimi ni viwili, na haviko pamoja.

Ukitaka kwenda, usitegemee basi; tafuta mwenye gari. Juni ni ya maua, na mwisho wa Novemba ni ya jury. Vaa gambuti, mfinyanzi ule hauna adabu.