Bibi aliyekulia bustanini

Bibi ninayemhudumia kila Jumanne na Ijumaa huku kusini mwa London (jina lake silisemi, mi namwita Bibi tu na ameshazoea) amekulia bustanini. Sio nyumba yenye bustani, hapana, bustanini kwenyewe, zile za umma watu wanapotembeza mbwa. Siku ya kwanza aliponiambia nikajua ndo uzee unaanza kumchezea akili, nikaitikia "ehee" huku namkorogea chai. Kumbe mimi ndo sijui kitu.

Iko hivi, vita inaisha 1945, London imepigwa mabomu vibaya na huku kusini yale makombora ya mwisho mwisho ya Wajerumani yaliteremka kama mvua, wanajeshi wanarudi, watu wanaoa, watoto wanazaliwa, nyumba hakuna. Serikali ilikuwa imeliona hilo mapema, waziri mkuu Churchill alishatangaza 1944 kwamba zitajengwa nyumba za muda za kutoka kiwandani, ikapitishwa sheria mwaka huohuo na pauni milioni 150 zikatengwa. Aliahidi nusu milioni, zikaja kutoka 156,623 tu, siasa ni ileile popote. Sasa uzijenge wapi haraka? Palipobomolewa pamejaa vifusi, ila bustani ni ardhi ya halmashauri, iko wazi, nyasi tu. Basi wakamwaga zege palepale.

Wenyewe wanaziita prifabu. Zilikuwa za aina nyingi, kuna hadi za alumini zilizotengenezwa kwenye viwanda vya ndege maana vita imeisha na viwanda havina kazi, nyumba inakuja imekatwa vipande vinne, kila kimoja na lori lake, vinaungwa mchana na jioni mtu anaweza kupika. Ya kina Bibi ilikuwa ya fremu za mbao na kuta za shiti za saruji yenye asbesto. Baba yake alitoboa zile kuta atundike rafu, vumbi likajaa chumba kizima, mama akafagia wakaendelea na maisha, nani alikuwa anajua miaka hiyo kwamba vumbi la asbesto linaua mapafu.

Mi nilikaa mkao wa kumuonea huruma, maana kichwani kwangu "nyumba za muda" ni mahema na foleni ya maji. Akanicheka. Kabla ya hapo walikuwa wanne kwenye chumba kimoja kwa shangazi yake, choo kiko uani mnagombania na wapangaji wengine, kuoga ni beseni mbele ya moto mara moja kwa wiki. Halafu 1946, yeye ana miaka 6, wanakabidhiwa funguo za nyumba ya vyumba viwili vya kulala, sebule, bafu, choo cha ndani, maji ya moto ya bomba kutoka kwenye boila nyuma ya moto wa sebuleni, makabati yamejengewa ukutani kabisa. Fundi yeyote angependa ule ukuta kati ya jiko na bafu, mabomba yote yamepita humo, umetoka kiwandani tayari umeunganishwa.

Na friji. Hapo Bibi huwa anaweka kikombe chini kabisa. Majirani wa nyumba za matofali, waliokuwa wananung'unika eti bustani yao imeharibiwa, walikuwa hawana friji hata mmoja, wakawa wanapita "kusalimia" ili waione. Cha kuchekesha ni kwamba cha kuweka humo hakikuwepo, chakula kilikuwa cha mgao na nyama haikutoka kwenye mgao mpaka 1954, kwa hiyo friji ilikaa na maziwa, kijisiagi na vikombe vya juisi ambavyo watoto wanavigandisha wanalamba.

Baridi ilikuwa mbaya lakini, hilo hafichi. Kuta nyembamba, asubuhi barafu imeshika kioo kwa ndani anachora kwa kucha, nguo kabatini zina unyevu. Ila jioni kengele ya kufunga bustani ikilia watoto wa nje wanafukuzwa warudi kwao, wao wanabaki wanacheza mpira. Anasema walijiona matajiri.

Walipewa miaka kumi. Wakakaa karibu ishirini, mama yake akalia siku ya kuhamishiwa ghorofani, halafu zikavunjwa pakapandwa nyasi tena. Kwingine zilidumu zaidi, Catford, hukuhuku kusini mwa London, kulikuwa na mtaa mzima wa nyumba 187, Excalibur Estate, uliojengwa na mateka wa vita wa Kijerumani na Kiitalia kwenye ardhi ya bustani vilevile, na watu waliishi humo zaidi ya miaka sitini, wengine wakapigana zisibomolewe. Zimehifadhiwa kisheria sita tu.

Nilimpeleka kuziona hizo sita Ijumaa iliyopita na kiti chake cha magurudumu. Akazitazama kimya, akasema milango imekuwa midogo, turudi baridi inamwingia. Kwenye basi ndo akaanza kuongea, sasa anataka twende kwenye bustani yake mwenyewe, anadai nyasi au sio nyasi anaweza kunionyesha palepale friji ilipokuwa inakaa. Nimemwambia mvua ikikata.