Sabuni ya nazi inayotoa povu kwenye maji ya chumvi

Niseme mapema ili asiyetaka aishie hapa: hakuna sabuni bila kostiki, ile kemikali kali inayounguza ngozi. Wanaokuuzia "sabuni ya asili isiyo na kemikali" ama wamenunua sabuni ya mche wakaikwangua, wakaiyeyusha na kuitia mchaichai, ama wametia kostiki wakanyamaza. Sabuni ni mafuta yaliyokutana na kostiki yakabadilika, basi. Ikishaiva sawasawa kostiki haipo tena, na mafuta hayapo tena ila yale uliyoyabakiza makusudi. Kuna sabuni na glisirini yake. Nimebishana mno juu ya jambo hili na wifi yangu, ambaye kila kukicha hunitumia video za akina dada wanaochanganya ndimu na asali wakaziita dawa ya kila kitu.

Kilichonisukuma mimi si urembo, ni maji. Tunakaa Tanga, upande wa Sahare, na kisima cha nyumbani kina chumvi na chokaa. Maji ya bomba tunayawekea madumu kwa kupikia na kunywa, ya kisima ndiyo ya kufulia na kuogea. Sabuni ya kawaida ukiitia kwenye maji yale, povu hulioni. Unaona utando mweupe unaoelea na kugandia ukingoni mwa ndoo, kisha unahamia kwenye nguo. Kanzu za mume wangu zilikuwa zinatoka kwenye kamba na manjano, tena zimekakamaa, na lawama unajua zinaangukia wapi. Kumbe chokaa iliyomo majini hushikana na sabuni kabla sabuni haijashikana na uchafu. Unamaliza mche mzima kuilisha chokaa.

Video hazikunisaidia. Aliyenisaidia ni mzee wa mtaa aliyefanya kazi melini ujanani. Alinikuta nasugua kola, akasema huku anapita: "Mwanangu, sisi melini tulioga maji ya bahari kwa sabuni ya nazi." Na ni kweli. Chembe za mafuta ya nazi ni fupi kuliko za alizeti au mawese, ndiyo maana sabuni yake huyeyuka na kutoa povu hata kwenye chumvi. Watu wa Tanga tumezungukwa na minazi mpaka Pangani, halafu tunafulia sabuni isiyotoa povu!

Nikanunua kostiki kwa muuza malighafi za sabuni mjini, kilo moja, bei haikufika hata elfu kumi. Wifi alipoiona akapiga ukelele. "Hiyo si ndiyo ya kuzibulia choo, wifi? Utatuchuna ngozi wote humu ndani!" Akaleta shauri lake: majivu. Bibi zetu walifulia maji ya majivu, hawakujua kostiki, na ngozi zao zilikuwa nyororo mpaka kaburini. Nikamwambia sawa, tufanye kwa majivu, tena kwa heshima zote.

Jamani. Tulichoma makumbi ya nazi mpaka majirani wakadhani tunafukuza mbu wa wilaya nzima. Tukatoboa ndoo kuukuu chini, tukatandika nyasi, tukajaza majivu juu yake, tukamwagia maji ya mvua kidogo kidogo na kuyakinga yaliyochuruzika. Yanatoka ya kahawia, yanateleza vidoleni. Kipimo cha wazee ni yai: likielea na kuchomoza kipande cha upana wa sarafu, maji yamekolea. Letu lilizama moja kwa moja. Wifi akasema yai bovu, akaleta jingine, nalo likazama. (Yai bovu ndilo linaloelea, wifi, lakini nikanyamaza.) Ikabidi tuyachemshe maji yale yapungue, kuni zinaisha, moshi machoni, mpaka mwisho yai likainua kichwa. Tukatia mafuta ya nazi, tukakoroga kwa zamu hadi magharibi. Kilichopatikana ni kitu cha kahawia, laini, kinachonuka moshi, kikagoma katakata kuganda. "Kitaganda kesho," wifi akasema. Kesho yake kuku alipita juu yake akaacha nyayo.

Sababu ni kwamba majivu hutoa potasi, na sabuni ya potasi kwa tabia yake ni laini hata ukiikoroga mwaka mzima. Anayetaka mche anahitaji sodiamu, na sodiamu hiyo imo kwenye kostiki. Nilicheka zaidi nilipoona vidole vya wifi vimekauka na kubanduka, maana yale maji ya majivu yakikolea ni ya ukoo ule ule wa kostiki. Tofauti yake ni kwamba kostiki unaiweka kwenye mizani ukajua umetia gramu ngapi, na majivu unayabahatisha kwa yai. Sabuni ile ya kahawia hatukuitupa lakini. Ilimaliza masizi ya masufuria yote, na wifi mpaka leo anaihesabu kuwa ushindi wake.

Sasa mafuta, na hapa nataka nisikilizwe, maana hapa ndipo sabuni za watu wengi zinapoharibika wakidhani ni mkosi. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula kama gramu 183. Kilo ya alizeti hula kama 135 tu. Sasa mtu anakuuzia dumu la "mafuta ya nazi" aliyoyachanganya na alizeti nusu kwa nusu, wewe unapima kostiki ya nazi. Mchanganyiko ule unahitaji kama gramu 159, umetia 175 za sabuni ya kufulia ya nazi, iliyozidi inabaki ndani ya mche kukusubiri ukifua. Halafu lawama anapewa kostiki!

Mimi nawakamata kwa friji. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, yakawa meupe pe. (Ndugu zetu wa Lushoto wanayajua hayo, wao huyachota kwa kijiko.) Alizeti hata ikilala kwenye friji inabaki inatiririka. Basi nikienda kununua naomba kwanza kichupa cha kuonja, nakiacha friji usiku kucha, asubuhi nakiinamisha. Kikiwa jiwe, narudi na dumu. Kikiwa na tabaka linalocheza juu, narudi na kichupa chenyewe, nakiweka mezani mbele ya wateja wengine na kuuliza kwa upole kabisa, "Nazi zako hizi umezivuna shamba gani?" Mama mmoja alinijibu kwamba nazi za msimu wa mvua hazigandi. Siku hizi akiniona kwa mbali anaanza kupanga nyanya. Ukiwa na muda, na nazi na mbuzi ya kukunia vimo ndani: kuna, kama tui, chemsha mpaka mafuta yajitenge. Ila nazi kumi na zaidi kwa lita moja, kwa bei za sasa, hiyo ni sabuni ya harusi.

Vipimo vyangu ni hivi. Ya kufulia: mafuta kilo moja, kostiki gramu 175, maji gramu 350 au pungufu kidogo. Ya kuogea: mafuta yale yale kilo moja, kostiki gramu 150. Nazi ni kali kwa kusafisha, inaondoa mpaka mafuta ya ngozi yako mwenyewe, ndiyo maana ya kuogea naipunguzia kostiki ili mafuta kiasi yabaki hayajaliwa. Maji ya kuyeyushia yawe ya mvua au ya bomba, si ya kisima. Na pima kwa mizani ya jikoni, ile ya betri. Anayekuambia "vijiko vitatu vya kostiki" mshukuru, muage.

Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya kostiki, yanachemka ghafla na kukurukia usoni. Fanya nje au dirishani, vaa glavu na miwani, watoto na kuku wawe mbali. Ikikurukia, maji mengi, mengi tena, wala usikimbilie siki. Chombo kiwe plastiki ngumu au stili. Sufuria zetu hizi za alumini kostiki inazila mchana kweupe, zinatoa povu na hewa inayoshika moto. Hili najua mtu atalipuuza kwa kuwa sufuria ni ya zamani.

Mengine ni kukoroga. Unaacha vyote vipoe mpaka uvugu, unamimina maji ya kostiki kwenye mafuta, unakoroga mpaka ushike kama uji wa mgonjwa, mwiko ukipita unaacha alama. Kwa mwiko mkono unachoka sana, kwa mashine ya umeme ya kusagia, ile ya kushika mkononi, ni dakika tu.

Kukata ndiko kulikonitoa jasho, na sikuona mtu anayekueleza. Kila mtu anasema "acha ilale siku nzima, kisha kata vipande". Hiyo ni ya mawese na alizeti. Ya nazi ikilala inakuwa tofali. Kisu kilikuwa kinaruka, ikipasuka inapasuka itakavyo, nikabaki na mapande yasiyo na sura na vumbi jeupe. Nikatafuta msumeno, ukanipa vumbi zaidi. Nikajaribu waya, ukakatika. Dawa ikawa mambo mawili. Kwanza saa: ya nazi naikata siku hiyo hiyo, saa chache tu baada ya kumimina, ikiwa ngumu ya kubonyea kidogo bado ina uvuguvugu. Nakaa nayo nikiibonyeza kingo kwa kidole chenye glavu, maana muda wake ukipita haurudi. Pili mshipi wa kuvulia samaki. Niliomba kipande cha mshipi mnene kwa vijana wa boti hapa Sahare, nikakifunga vijiti pande zote mbili, nikaupitisha chini ya mche na kuuvuta juu kwa mikono miwili. Unakata laini, kona zimenyooka, huokoti hata chembe. Vijana waliniuliza nakwenda kuvua nini nchi kavu. Nikawapelekea vipande, sasa wananiletea mshipi bila kuombwa, wakisema sabuni yangu inatoa povu na kuondoa shombo la samaki pale pale majini.

Kalibu yangu ni sanduku la mbao lililotandikwa nailoni. Pakiti za maziwa zinafaa, ila zile zenye karatasi ya kung'aa ndani nimeziacha, ile inayong'aa ni alumini. Baada ya kukata naipanga kivulini kwenye upepo wiki nne au zaidi. Kabla ya kuitumia naigusa kwa ncha ya ulimi. Ikinirusha kama umeme, bado, au imeharibika na inakwenda kufulia matambara.

Harufu: mchaichai hausumbui sana. Mafuta ya karafuu yanataka mtu mwepesi, kwa sababu yanaigandisha sabuni ghafla mwiko ukiwa bado ndani, nikalazimika kuikandamiza kwenye kalibu kwa ngumi. Matone machache, mwishoni kabisa, kalibu ikiwa tayari pembeni. Unguja, kule Paje, akina mama wanatia unga wa mwani na inatoka nzuri. Mimi niliutia mwingi, nikaoga kwa msasa.

Kanzu? Nyeupe. Shemeji zangu wameanza kuleta zao.

Na kwa kuwa wifi anaendelea na video, nijibu mbili tu. Kuchanganya siki na magadi soda ili kusafishia: vile vinavyochemka na kukufurahisha vinauana. Kikiisha kile kishindo umebaki na maji yenye chumvichumvi, siki hakuna, magadi hakuna. Tumia kimoja kimoja. Siki peke yake ndiyo inayobandua ukoko wa chokaa kwenye birika na bomba la bafu, na sisi wenye visima vya chumvi tunaijua kazi yake. Magadi peke yake yanakata mafuta kwenye jiko. Siki usiisogeze kabisa kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, inatoa hewa ya kukaba mapafu. Ya pili ni ndimu kwapani na usoni. Ukijipaka ndimu ukatoka juani unaungua, unaachwa na mabaka meusi ya miezi. Wifi anayo shingoni, anasema ni ya joto.

Watu wananiambia niuze. Majirani nawagawia, wengine wananiletea nazi au elfu moja mbili, tunamalizana. Kuuza dukani ni habari nyingine: sabuni na vipodozi siku hizi viko chini ya TBS, shirika la viwango, na sisi wadogo tunapitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza, wanakufundisha na kukupa barua. Nilikwenda kuuliza, nikarudi na fomu. Iko kabatini chini ya mizani, na kilo mbili za kostiki ziko kabati la juu, ndani ya dumu lenye kifuniko cha kukaza, nimeliandika SUMU kwa rangi nyekundu pande zote.