Sauti ya Mwenzangu Ndani ya Helmeti

Kwa miaka kadhaa mimi na mwenzangu wa safari za pikipiki, kila mtu na yake, tulizungumza barabarani kwa viungo vya mwili: mguu wa kulia ukinyooshwa, kuna shimo upande wa kulia, kidole kikielekezwa kwenye tangi, mafuta yanakaribia kwisha. Tulipofunga vifaa vya mawasiliano kwenye helmeti nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Lililonisumbua kwanza ni mahali pa kubandika spika. Nilikuwa nimeziweka nyuma kidogo ya tundu la sikio, kwa hiyo katika mwendo wa taratibu nilimsikia mwenzangu vizuri, lakini tulipopita kilomita 90 kwa saa sauti yake ilimezwa na upepo, nami nikazidi kuongeza sauti hadi nikafika nyumbani masikio yakivuma. Dawa ilikuwa kuisogeza kila spika mbele kwa sentimita moja hivi na kuweka kipande cha sponji nyuma yake ili ikaribie sikio. Nikaongeza pia vizibo vya masikio, jambo ambalo mwenzangu alilicheka mpaka alipojaribu mwenyewe: kelele za upepo ndani ya helmeti zinaweza kufikia desibeli 100 katika mwendo wa barabara kuu, na kizibo kikizipunguza, maneno husikika vizuri zaidi.

Kuhusu aina ya kifaa sina mengi. Kwa watu wawili Bluetooth inatosha; teknolojia ya meshi, ambayo huunganisha vifaa vingi kama wavu na humruhusu aliyekatika kujiunga tena bila kubonyeza kitu, faida yake huonekana zaidi katika kundi. Umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa mahali pa wazi, na kilima kimoja tu kinatosha kuukata. Siku moja nilisimulia habari ndefu kwa dakika kadhaa, nikidhani kimya cha mwenzangu ni usikivu, ilhali yeye alikuwa amesimama nyuma ya kona akishughulikia mnyororo uliochomoka. Tangu hapo kila ujumbe hujibiwa kwa neno moja, “nimesikia”, na jibu lisipokuja, ninapunguza mwendo na kutazama kioo.

Tumejifunza pia kusema machache. Kwa kilomita 80 kwa saa pikipiki hukata mita 22 kila sekunde, hivyo sentensi ya sekunde tatu humaliza zaidi ya mita 60. Anayetangulia husema, “Kokoto, kona ya kushoto,” basi. (Maikrofoni inayojifungua yenyewe kwa sauti ina hatari yake: mwenzangu sasa anajua nyimbo zote ninazoziharibu.)

Neno moja tumelipiga marufuku kabisa, nalo ni “pita”. Tulikuwa tukilitumia sana wakati wa kuyapita malori, hadi siku mwenzangu alipolisema akiwa mbele, nami nikalifuata bila kutazama na kukuta kwamba nafasi iliyokuwa wazi kwake ilikwisha kuzibwa na gari lililokuwa likija. Nilirudi nyuma ya lori nikitetemeka. Barabara yake haikuwa barabara yangu, kwa kuwa alikuwa mbele yangu kwa sekunde tano nzima. Siku hizi akishapita hunieleza anachokiona tu: “Gari jeupe linakuja, nyuma yake sioni kitu.” Mimi husubiri gari jeupe lipite, hutoka kidogo nyuma ya lori, na kutazama kwa macho yangu.