Bwana, mimi sina mtu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Yohana 5:1–9, penye birika la Bethzatha.

Mtu ameugua miaka 38. Yesu anamuuliza kama anataka kuwa mzima, naye hasemi habari ya miguu yake. Anasema hana mtu. Tiba iko hatua chache tu kutoka alipolala, lakini kila maji yakitibuliwa mwingine anamtangulia. Na anayetangulia ni nani? Ni mwenye nguvu za kushuka mwenyewe, au mwenye ndugu wa kumshusha. Aliyezidiwa ndiye anayebaki palepale. Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari aliyetibu familia za wachimbaji wa makaa ya mawe huko Wales, aliandika jambo la namna hiyohiyo kuhusu matibabu ya zama zetu: huduma nzuri huwa haba pale inapohitajika zaidi.

Neno hilo "sina mtu" limepimwa na wataalamu wa epidemiolojia, elimu inayochunguza nani anaugua, wapi na kwa nini. Mwaka 1965, katika wilaya ya Alameda, California, watu wazima 6,928 waliulizwa mambo mengi ya maisha yao, yakiwemo haya manne: ndoa, ndugu na marafiki wanaoonana nao, uanachama wa kanisa, na vikundi vingine. Wakafuatiliwa miaka 9. Lisa Berkman na Leonard Syme walitoa matokeo mwaka 1979. Ukilinganisha watu wa umri mmoja, vifo vya wanaume wenye mahusiano machache kabisa vilikuwa mara 2.3 ya vile vya wenye mahusiano mengi. Kwa wanawake, mara 2.8. Mtu anaweza kusema labda hao walijitenga kwa kuwa walikuwa wagonjwa tangu mwanzo. Ni hoja ya haki, nao waliifikiria. Walipozingatia afya ya kila mmoja alipoanza kufuatiliwa, kipato chake, sigara na pombe, tofauti ilibaki. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake waliunganisha tafiti 148 zenye watu 308,849, wakaona mwelekeo uleule.

Hapa Dar es Salaam ni rahisi kudhani upweke ni shida ya Wazungu. Nyumba ya wapangaji Tandale au Buguruni ina vyumba vinane, ua mmoja, choo kimoja, utakuwaje mpweke? Lakini watafiti hutenganisha vitu viwili. Kuna kuwa na watu karibu, na kuna kuwa na mtu. Mama mwenye presha anaweza kusalimiwa shikamoo mara ishirini kwa siku pale uani, na usiku kichwa kikimgonga asiwe na mlango hata mmoja anaothubutu kuugonga.

Basi tufungue daftari la mahudhurio la jumuiya. Kwa kawaida tunahesabu waliofika: leo 14, tunamshukuru Mungu. Mtafiti angeuliza kwanza, 14 kati ya wangapi? Kama kaya zilizoandikishwa ni 31, habari yenyewe iko kwa wale wasioonekana. Ukipima afya ya waliofika tu utapata jibu zuri la uongo, kwa sababu anayeumwa sana, anayedaiwa na anayeona aibu ndio wa kwanza kupotea.

Na kwa nini wanapotea? Hapa tuambiane ukweli, wapendwa. Michango. Aliyeshindwa kutoa ya ujenzi miezi mitatu, jina lake likasomwa mbele ya watu, harudi. Mwingine ana chumba kimoja, anaogopa zamu ya jumuiya kusali kwake kwa sababu hana viti wala chai ya kutosha. Tukutane juu ya mkeka, bila chai, na iwe hivyo kwa kila nyumba, hata ya mwenye sofa. Kuna pia mama lishe, dada wa kazi na dereva wa bodaboda, ambao Jumamosi asubuhi ndiyo riziki yao. Hao tumewaandika "hayupo" kwa saa tuliyoipanga sisi.

Hatua ya kwanza ni kuweka alama kwa kila asiyeonekana juma la tatu mfululizo, na kumtuma mtu mmoja, anayefahamiana naye, asiye mtunza hazina. Waende watano na kitabu cha nyimbo, mwenyeji atasema yuko salama ili waondoke. Ukishakaribishwa, uliza maswali matatu ambayo watafiti huyatumia: ni mara ngapi unahisi huna mwenzako, ni mara ngapi unahisi umeachwa nje, ni mara ngapi unahisi umetengwa na wengine? Majibu ni mara chache (1), wakati mwingine (2), mara nyingi (3). Jumla huanzia 3 hadi 9, na watafiti wengi huchukulia 6 na kuendelea kuwa upweke wa kutazamwa. Usitoe karatasi, uliza kama ndugu, ukumbuke namba kichwani. Ugonjwa wake usiuandike kwenye daftari hata kidogo. Daftari hilo hupita mikono mingi, na siri ya mtu ikishatoka, hatamfungulia tena yeyote.

Kama amekuambia mwenyewe kwamba anatumia dawa, mwombe muhesabu pamoja. Aliyepewa vidonge 30 vya presha, kimoja kwa siku, siku ya 20 ikiisha abaki na 10. Vikibaki 19, usimkemee. Uliza kama anaruka siku ili vifike mwisho wa mwezi, kwa sababu mara nyingi shida ni pesa. Vikiwa vimekwisha kabla, huenda anagawana na mwenzake. Wa kifua kikuu hutibiwa miezi sita kwa kawaida, na hushawishika kuacha akishapata nafuu mapema. Yeye anahitaji mtu wa kumwona akimeza kila siku. Tuombe naye, tena tusimwambie kamwe kwamba maombi yamechukua nafasi ya vidonge.

Juma hili tuanze na walinzi wa usiku. Ukimgongea saa tatu asubuhi unamkatisha usingizi. Nenda saa kumi alasiri, kabla hajavaa sare.