Chemli ya Bibi

Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Ukame ulikuwa umekausha mabwawa, na hata mvua ziliporudi, kwetu Marangu hakuna aliyeuamini umeme. Bibi hakuwahi kuuamini tangu mwanzo. Kanisani usiku alikwenda na chemli yake, na kiberiti amekifunga kwenye pindo la kanga.

Krismasi ile iliangukia Jumatatu, hivyo Jumapili ya nne ya Majilio, zile wiki za kungojea Krismasi, na mkesha vikawa siku moja. Asubuhi tuliwasha mshumaa wa mwisho kwenye taji la Majilio, jioni tukarudi kwa ibada. Mchungaji alikuwa ametueleza taji lile lilikotoka: Johann Hinrich Wichern, kule Hamburg mwaka 1839, alilea watoto maskini waliomsumbua kila siku wakiuliza Krismasi lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa juu yake ili wahesabu siku wenyewe. Nilimwelewa. Desemba ya Ujerumani saa kumi jioni giza linaanza kuingia. Lakini sisi Desemba ndiyo tuna jua la kuanikia kahawa! Nilikuwa na miaka 12, na swali hilo lilinikaa: watu wenye jua lote hili wanaimbiwa nuru ya nini?

Jioni hiyo mimi ndiye niliyepangiwa somo la Isaya. Nilifika mimbarani, nikafungua Biblia sura ya 9, nikatamka, "Watu wale waliokwenda katika giza..." Umeme ukakatika.

Kinanda kilikuwa kikivuma kwa chini, nacho kikanyamaza. Sikuona hata vidole vyangu. Mtoto mmoja akaanza kulia. Somo nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima, lakini kwa hofu maneno yote yalinitoka kichwani, hata lile lililofuata.

Kisha nikasikia njiti ikikwaruzwa. Kule benchi la tatu nikaona kioo cha chemli kikiinuliwa, utambi ukishika, kioo kikishuka. Bibi akasimama, akaja taratibu katikati ya kanisa, mkono mmoja ukipapasa ncha za mabenchi.

Macho ya bibi lazima niyaeleze. La kulia lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, la kushoto lilibakiza vivuli tu. Umeme kukatika aliujua kwa kinanda. Ile chemli haikumsaidia yeye chochote.

Akaniinulia juu ya Biblia. Mkono wake ulitetemeka, na mwanga ukawa unacheza juu ya mistari. Harufu ya mafuta ya taa ilinijaa puani. "Soma, mwanangu," akaninong'oneza. "Nimekushikia."

Nikasoma mpaka mwisho, na yeye hakushusha mkono. Mzee wa kanisa akaja na mshumaa, akauwasha kwa moto wa chemli, watu wakawashiana benchi kwa benchi mpaka nyuma. Tukaimba bila kinanda. Injili ya Luka iliposomwa, wachungaji wa kondeni na utukufu wa Bwana uliowang'aria pande zote, nilikuwa bado namtazama bibi. Swali langu la jua liliniisha hapo. Yohana anaandika, "Nayo nuru yang'aa gizani, wala giza halikuiweza", na mimi kila nikiusoma mstari huo nauona mkono ule wenye mishipa, umeshika mwanga ambao mwenyewe hauoni.

Tulitoka karibu saa nne. Mwezi ulikuwa mchanga na umeshazama, migombani giza tupu. Nilitangulia na chemli, bibi ameshika bega langu. Nyumbani tukakuta habari kwa jirani mwenye simu: basi la baba mdogo kutoka Dar es Salaam limeharibikia Same, hajulikani atafika saa ngapi. Nikataka kuizima taa tukalale.

"Usizime," bibi akasema. "Kaiweke pale kwenye jiwe, njia inapoingilia."

"Mafuta yataisha, bibi."

"Yaishe."

Baba mdogo alifika alfajiri kwa miguu, viatu vimejaa tope. Alituambia aliiona tangu kule kwenye kona ya barabara, ndipo akajua hajapotea njia ya nyumbani. Asubuhi kabla ya ibada nilikaa kwenye lile jiwe na kipande cha gazeti, nikakisugua kioo, kimekuwa cheusi tititi kwa masizi.