Mradi wangu wa mpira: nimefika kwenye salfa

Haya wakuu, mradi unasonga. Kwa wageni: natengeneza mpira nyumbani kwa kufuata historia yake, sirukii salfa (ule unga wa njano unaoufanya mpira uwe imara) kabla sijapita walikopita wa zamani. Utomvu wa mti wa mpira unatoka kwa jamaa anayegema kule Muheza, ukikaa masaa machache unaganda wenyewe, ila ukiukamulia limau unashika fasta kama maziwa mgando, nakanda maji yatoke, natandaza, naanika.

Kipande cha kwanza kinafuta penseli safi kabisa, na hiyo ndo kazi aliyoitaja mwanasayansi Priestley kule Uingereza 1770. Nikaja kwa Macintosh wa Glasgow, huyu 1823 aliyeyusha mpira kwa nafta, kimiminika kinachotolewa kwenye lami ya makaa ya mawe, akaupaka katikati ya vitambaa viwili, makoti ya mvua yakaanzia hapo. Mi nimetumia petroli na vipande vya kitambaa cha marekani, na maji hayapiti kweli! Sasa kiache juani mchana, kinalainika, pembeni mpira unachungulia, ukigusa vidole vinanatana. Ndo maana viwanda vya Marekani vya miaka ya 1830 vilikufa, viatu viliyeyuka kiangazi na baridi ikija vinakakamaa na kupasuka, nani anunue tena?

Mmarekani Charles Goodyear akapata dawa 1839 kule Woburn, Massachusetts: salfa pamoja na moto mkali. Salfa inazifunga zile nyuzi ndefu za mpira zisiteleze, kwa hiyo ukiuvuta unarudi, jua lisiuyeyushe. Wazo la salfa alilinunua kwa Nathaniel Hayward, na Hancock, mtengeneza mpira kule Uingereza, akaona sampuli za Goodyear akamuwahi hataza (haki ya uvumbuzi) ya huko. Goodyear akafa 1860 na madeni kibao, ile kampuni ya matairi ya 1898 ilichukua jina tu.

Ila mi sikubali sifa zote ziende kwake. Watu wa Mexico ya kale, zaidi ya miaka 3000 iliyopita, walichanganya utomvu wa mti wao na maji ya mmea fulani unaotambaa wakapata mipira inayodunda. Hawa ndo wangetajwa kwanza vitabuni. Na wa Kongo pia wasisahaulike, tairi la upepo la Dunlop la 1888 lilipoongeza hamu ya mpira, watu wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, waliwalazimisha kuugema porini, vijiji vikachomwa, mikono ikakatwa. Inauma sana.

Hatua inayofuata naazima kwa fundi pancha wa mtaani kile chuma chake cha kuchomea viraka, kiraka kibichi chenye salfa ndani kinabanwa kwa skrubu, moto mdogo juu, kikitoka kimeshakuwa kitu kimoja na tyubu. Naanza na gramu 3 za salfa kwa gramu 100 za mpira, nakandia humo humo mpaka ule unga wa njano usionekane, joto kama nyuzi 145, na napikia nje maana ule moshi si wa kuvuta.