Siku Moja Maishani Mwangu: Mpima Anayesubiri Masahihisho

Watu wengi wanaonikuta kazini hudhani kwamba kazi yangu ni kutembea na skana ya leza mkononi, kwa sababu hilo ndilo linaloonekana: kichwa cha chombo kinachozunguka bila kukoma na picha ya jengo inayojichora polepole kwenye kishikwambi. Hawazioni saa zinazotangulia matembezi hayo, ambapo mimi huwa nimesimama uani kando ya fimbo ya kupimia, macho kwenye kioo, nikionekana kama mtu asiye na la kufanya. Nimeamua kuieleza siku moja ya wiki iliyopita kama ilivyokwenda, kwa kuwa saa hizo za kusimama ndizo zinazoamua kama picha ile itafaa kujengewa kitu.

Saa 11:00 alfajiri nilikuwa macho. Betri nne za skana, mbili za kipokezi cha setilaiti na ile ya kishikwambi zilikuwa zimekesha kwenye chaji, nami nilizihesabu moja moja nikizipanga sandukuni. Saa 1:00 asubuhi mwenzangu nami tulikuwa kwenye lango la ghala tulilotakiwa kulipima, ndani na nje pamoja na ua wake wote, ili wahandisi wasanifu mitaro mipya ya maji ya mvua. Msimamizi wa eneo, mzee mwenye sauti ya upole na saa mkononi, alitupokea akaniambia, "Binti yangu, nimeambiwa mashine yenu inamaliza kwa dakika ishirini. Malori yanaingia saa nne." Nikamjibu, "Shikamoo, mzee. Kutembea ni dakika ishirini, lakini naomba utupe muda wa kujiandaa kwanza." Aliitikia salamu, akakubali, na nadhani wakati ule sote wawili tuliamini kwamba muda huo ungekuwa mfupi.

Yafaa nieleze maandalizi hayo ni ya nini. Kipokezi cha setilaiti kikiachwa peke yake hukosea kwa mita kadhaa. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, saa zake hukengeuka kidogo, njia zake hutofautiana kidogo na zilivyotabiriwa, na ishara zake huchelewa zikipita katika ionosfera, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, na katika hewa yenye unyevu. Na kwa kuwa mwanga husafiri sentimita 30 hivi katika nanosekunde moja, ucheleweshaji ambao hakuna binadamu anayeweza kuuhisi hugeuka kuwa kosa kubwa ardhini. Dawa yake ni kituo cha rejea, yaani kipokezi kingine kilichofungwa imara mahali ambapo koodineti zake zinajulikana. Kituo hicho kinaona karibu makosa yaleyale ninayoyaona mimi, lakini chenyewe kinajua kilipo, kwa hiyo vipimo vyake vikinifikia kwa intaneti kila sekunde, kipokezi changu kinaweza kuyaondoa makosa tuliyo nayo pamoja. Hayo ndiyo masahihisho ya papo kwa papo, na bila hayo skana itachora jengo zuri lililokaa mahali pasipo pake.

Saa 1:40 nilifunga antena juu ya fimbo, nikaunganisha kishikwambi na modemu, nikaingiza anwani ya seva, namba ya mlango wake wa mtandao (port) 2101, jina la mtumiaji, nenosiri na jina la mkondo wa masahihisho. Kioo kikaandika kwamba tumeunganishwa. Nilisubiri neno la pili, lile ninalolingoja kila siku ya kazi, halikuja. Nilipofungua ukurasa wa takwimu niliona kwamba baiti zilizopokelewa ni sifuri, na umri wa masahihisho, ambao kwa kawaida ni sekunde moja au mbili, haukuwa na namba kabisa, kistari tu.

Mtu asiyefanya kazi hii angesema mtandao wa simu ni mbovu, nami nilianzia hapohapo, nikafungua ramani kwenye kishikwambi na ikafunguka mara moja. Nikaliandika nenosiri upya herufi kwa herufi, kwa sababu nafasi moja iliyojificha mwishoni mwake iliwahi kuniponza. Nikaangalia herufi kubwa na ndogo katika jina la mkondo. Nikampigia mwenzetu wa ofisini kumuuliza kama kuna mtu anayetumia akaunti ileile, maana seva nyingi hukataa vipokezi viwili kwa jina moja, akasema hakuna. Nikazima kila kitu, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha. Tumeunganishwa, baiti sifuri. Mzee alikuwa amekuja kusimama kando yangu bila kusema neno, na ukimya wake ulinielemea kuliko angenifokea.

Ilikuwa imepita saa 2:30 nilipompata mtu wa huduma ya masahihisho kwenye simu. Aliniuliza jina la mtumiaji, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tunakuona umeingia, dada, lakini hatujui uko wapi." Nilijua kosa kabla hajaendelea. Huduma hii haitumi vipimo vya kituo kimoja. Inakusanya vipimo vya vituo kadhaa na kumtengenezea kila mtumiaji kituo cha kubuni karibu na aliposimama, na ili ifanye hivyo ni lazima kipokezi kiitumie kwanza ujumbe wa GGA, mstari mfupi wa maandishi wenye saa, latitudo, longitudo na idadi ya setilaiti. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumefanya kazi na kituo kimoja kisichohitaji ujumbe huo, na mpangilio wa kuutuma ulikuwa umezimwa. Seva ilinipokea kwa adabu, ikabaki inaningoja niseme nilipo, nami nikabaki naingoja inipe masahihisho.

Niliwasha mpangilio huo, nikaweka utume kila sekunde kumi, na baiti zikaanza kupanda. Neno lililotokea, kwa rangi ya manjano, lilikuwa "floti".

Hapa pia panahitaji maelezo, kwa kuwa mzee aliona rangi ya manjano akadhani tumefika. Wimbi la L1, mojawapo ya ishara za redio za GPS, lina urefu wa sentimita 19 hivi. Kipokezi kinaweza kupima kipande cha wimbi kwa usahihi wa milimita, ila hakijui ni mawimbi mazima mangapi yaliyomo kati yake na setilaiti, na mpaka idadi hiyo ipatikane kwa kila setilaiti kama namba kamili, jibu linaelea na kosa ni la desimita. Zikipatikana, kioo huandika "fiksi", na kosa hushuka hadi sentimita moja au mbili. Nilikuwa nimesimama kati ya ukuta wa mabati na mti, mahali ambapo ishara hufika mara mbili, mara moja kutoka angani na mara ya pili baada ya kugonga mabati. Nilibeba fimbo hadi katikati ya ua, nikatuliza kiputo cha pimamaji ndani ya duara lake, nikashusha pumzi. Nilihesabu hadi kumi na saba, kioo kikawa kijani.

Mzee akatabasamu. "Sasa twende, mwanangu."

Sikwenda, na hapa ndipo watu huniona mkaidi. Fiksi ni dai la kipokezi kuhusu hesabu zake chenyewe, na dai hilo linaweza kuwa la uongo. Kila mara nathibitisha kwa kusimamisha fimbo juu ya alama inayojulikana, na pale uani palikuwa na moja, msumari wa shaba uliozamishwa katika zege na wapima waliotangulia. Niliweka ncha ya fimbo katika kitobo cha msumari, nikapima kwa sekunde sitini, nikalinganisha. Kwa mlalo tulitofautiana milimita 11, jambo la kuridhisha kabisa. Kwa kimo tulikuwa juu kwa sentimita 12.

Mzee aliniuliza sentimita 12 ni nini katika ua mkubwa kama ule. Nilimwambia kwamba kimo cha bomba la kutolea maji nje ya lango kilipimwa na watu wengine kutoka kwenye msumari huohuo, na kwamba mtaro wenye mteremko wa asilimia moja hushuka sentimita 12 katika mita 12. Tukiuchora ua juu zaidi ya ulivyo, mhandisi ataona mteremko mahali ambapo haupo, na maji ya mvua yatatuama mlangoni pa ghala. Alitazama mlango ule kwa muda, kisha akatoa simu akawaambia wenye malori waje saa sita. Sitausahau uungwana huo.

Sikumbuki tena saa kamili za sehemu iliyofuata. Nilihakikisha kwamba programu inatumia modeli ya jioidi, yaani umbo la usawa wa bahari linalofuata uvutano, iliyoagizwa kwenye mradi, kwa sababu setilaiti hupima kimo kutoka kwenye duaradufu ya hesabu ilhali maji hufuata uvutano; lakini kosa la kusahau jioidi kwa kawaida ni la mita nyingi, si sentimita 12. Nilipima tena alama, jibu likawa lilelile hadi milimita chache, na kosa lisilotikisika namna hiyo huwa ni la kipimo kilichoandikwa vibaya, wala halitoki angani. Nikaitazama fimbo kuanzia ncha kupanda juu. Chini ya antena palikuwa na kipande cheusi cha kurefushia ambacho mwenzangu alikifunga siku mbili kabla, kwa nia njema, ili antena ipande juu ya kichwa cha skana na isizibwe. Kwenye programu urefu wa fimbo ulibaki mita 2.000. Nilikifungua kile kipande, nikakipima kwa futi ya chuma kutoka ukingo hadi ukingo: milimita 120. Nikakirudisha mahali pake. Niliongeza urefu huo kwenye mpangilio wa fimbo, kisha katika umbali kati ya antena na kitovu cha skana, ambao nao ungebeba kosa lilelile. Msumari ukasoma tofauti ya milimita 9 kwa kimo.

Matembezi yenyewe yalichukua dakika kumi na nane. Nilisimama tuli mpaka skana ikajitambua, nikazunguka ua, nikaingia ghalani. Chini ya paa masahihisho hayana kazi kwa kuwa setilaiti hazionekani, na hapo skana hujiongoza kwa vihisi vyake vya mwendo na kwa kulinganisha kuta inazoziona sasa na ilizoziona punde. Nilitokea mlango wa nyuma, nikatulia mpaka fiksi ikarudi, ili njia yote ya ndani ishikwe pande zote mbili. Mchana, ionosfera ilipokuwa imechangamka, tulipoteza fiksi mara mbili upande wa miti, nikarudia upande huo. Miguu iliuma, shingo ikakakamaa kwa uzito wa mkanda, lakini sikuacha hata kona moja.

Usiku niliunganisha wingu la nukta, yaani nukta zote zilizopimwa na skana, na njia ya setilaiti, nikatafuta ndani yake alama tatu za ukaguzi ambazo sikuzitumia katika hesabu. Kubwa kati ya tofauti zake za kimo ilikuwa milimita 14. Nilituma faili kwa wahandisi, nikarudisha betri kwenye chaji, kisha nikachukua kalamu ya wino mzito na kuandika "120 mm" kwenye kile kipande cheusi, pande zote mbili.